Picha Moja, Madeni Mawili

Ndugu wahariri, ndugu wapiga picha, na ninyi wanafunzi mlioanza juzi kubeba kamera, nitaanza na mtu aliyeficha filamu ndani ya soksi.

Tarehe 16 Juni 1976, Soweto, wanafunzi waliingia barabarani kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Sam Nzima alikuwa pale kwa kazi ya gazeti la The World. Polisi walipofyatua risasi, akaanguka mtoto wa miaka 12, Hector Pieterson. Kijana aitwaye Mbuyisa Makhubo akamwinua na kukimbia naye mikononi, huku Antoinette, dada yake Hector, akienda mbio ubavuni mwao, kiganja kikiwa hewani. Nzima alipiga picha sita mfululizo. Kisha akaitoa filamu kwenye kamera na kuisokomeza kwenye soksi, maana alijua kitakachofuata. Polisi walimlazimisha kufungua kamera zake, na filamu zilizokuwemo zikaungua kwa mwanga. Ile ya kwenye soksi ilifika gazetini.

Jiulizeni: bila picha ile, kingebaki nini? Lingebaki neno la serikali ya makaburu dhidi ya neno la watoto, na mnajua neno la nani lingepewa uzito. Hii ndiyo kazi ya picha ya habari katika jamii. Mwenye nguvu akisema halikutokea, picha inasema lilitokea, mahali hapa, siku hii, kwa mtu huyu.

Lakini fuateni habari yenyewe mpaka mwisho. Polisi wa usalama walimwandama Nzima mpaka akaacha kazi na kurudi kijijini. Mbuyisa, ambaye kosa lake lilikuwa kumbeba mtoto aliyepigwa risasi, aliandamwa hadi akaikimbia nchi. Mama yake alipata barua kutoka Nigeria mwaka 1978, kisha kimya. Mbuyisa hakuomba kuwa alama ya mapambano. Picha ndiyo iliyomfanya alama.

Kwa hiyo ninasema mpiga picha wa habari ana madeni mawili kila anapobonyeza kamera. Anadaiwa ukweli na anayetazama. Anadaiwa utu na anayepigwa. Na deni moja halilipi jingine. Huwezi kusema, nimemdhalilisha huyu mama lakini picha ni ya kweli. Wala huwezi kusema, nimedanganya kidogo lakini ni kwa ajili ya kumsaidia.

Tuanze na deni la ukweli.

Mwishoni mwa Machi 2003, karibu na Basra, Iraq, Brian Walski wa Los Angeles Times alipiga picha za askari wa Uingereza akiwaelekeza raia kwa ishara ya mkono. Katika fremu moja, mkono wa askari ulikaa vizuri. Katika nyingine, iliyopigwa muda mfupi tu kabla au baada yake, mwanamume aliyebeba mtoto ndiye aliyekaa vizuri. Walski akachukua sehemu ya hii na sehemu ya ile, akaziunga kwenye kompyuta. Picha ikatoka ukurasa wa mbele. Gazeti jingine, Hartford Courant, nalo likaitumia, na mfanyakazi wake mmoja akagundua kwamba baadhi ya watu walioketi nyuma walikuwa wanajirudia. Walski akafukuzwa.

Fremu zote mbili zilikuwa za kweli. Askari alikuwepo, baba alikuwepo, mtoto alikuwepo. Uongo uko wapi, basi? Uko kwenye lile tukio la tatu ambalo halikutokea kamwe. Mtazamaji aliambiwa, hiki ndicho kilichokuwa mbele ya lenzi kwa sehemu ya sekunde, na hakikuwa hicho.

Wengine watasema huo ulikuwa uongo mkubwa, sisi tunafuta vitu vidogo tu. Haya, sikilizeni hili. Septemba 2013, Narciso Contreras, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la Marekani, Associated Press (AP), nchini Syria, alimpiga picha mpiganaji aliyekuwa akijikinga. Pembeni, chini kushoto, ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Aliona inamsumbua mtazamaji, akaifuta kwa kunakili udongo na mawe juu yake. Hakubadilisha habari yenyewe hata chembe. AP ilipojua, Januari 2014, ilikata uhusiano naye. Kwanza ilipitia picha zake zingine zipatazo 500, ikizilinganisha na faili asilia, na haikukuta nyingine iliyochezewa. Hata hivyo ziliondolewa sokoni.

Je, ni ukali kupita kiasi? Mimi nasema hapana. Picha moja iliyoguswa huwalazimisha watu kukaa na kukagua mamia ya zingine, na kati ya hizo kuna za watu waliouawa, ambao ndugu zao wanazitegemea kama ushahidi. Ukiifuta kamera ya mwenzako kwenye kona, unampa silaha kila anayetaka kukana mauaji yaliyo katikati ya fremu.

Sasa, kipi kinaruhusiwa? Mashirika makubwa ya habari yanakubaliana kwa karibu. Unaweza kukata kingo za picha ili mradi usimwondoe mtu anayebadilisha maana ya tukio. Unaweza kuondoa doa la vumbi lililoganda kwenye kihisio cha kamera, kwa sababu doa lile halikuwepo mbele yako, lilikuwepo ndani ya kifaa. Unaweza kurekebisha mizani ya rangi pale taa za ukumbi zilipofanya nyuso kuwa za njano, na kung'arisha au kutia giza kidogo kama walivyofanya wazee wetu kwenye chumba cha giza. Unaweza kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Huwezi kuongeza, kuondoa, kunakili wala kusogeza kitu chochote. AP hairuhusu hata kuondoa wekundu wa macho unaoletwa na flashi.

Pale kwenye neno "kidogo" ndipo wengi wanapoanguka. Mwaka 2015 World Press Photo, mashindano yanayoendeshwa kutoka Amsterdam tangu 1955, iliondoa takribani asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Tatizo linaanza hivi. Mtu anavuta kitelezi cha utofauti wa mwanga, kisha anatia giza pembeni ili jicho liende katikati, kisha anarudia, na kila hatua peke yake haionekani kuwa na ubaya. Mwishowe wale watu wawili waliosimama kivulini wamezama kwenye weusi. Hukutumia brashi ya kunakili, lakini umewafuta. Fanyeni jaribio hili kabla ya kutuma: wekeni faili ghafi na picha iliyomalizika ubavu kwa ubavu, mhesabu watu na vitu. Idadi ikitofautiana, rudini nyuma. Na kamwe msifanye kazi juu ya faili asilia. Nakilini kadi yote ya kumbukumbu mahali pawili, zikiwemo fremu mbovu, ndipo mfungue nakala ya kufanyia kazi. Fremu mbovu ndizo zitakazokutetea siku utakapoulizwa nini kilitokea sekunde moja kabla.

Lenzi nayo hupotosha bila mtu kugusa kompyuta. Ukisimama mbali na foleni na kutumia lenzi ya milimita 400, watu waliopishana mita mbili wataonekana wamebanana, kwa kuwa umbali kati yao ni mdogo sana ukilinganisha na umbali wako kutoka kwao. Kinyume chake, ukiingia katikati ya watu 30 na lenzi ya milimita 24 ukajaza fremu, mtazamaji ataamini uwanja umefurika. Dawa yake ni nyepesi: kwenye kila mkusanyiko, panda mahali pa juu angalau mara moja upige picha pana inayoonyesha umati unaishia wapi na nafasi tupu iko wapi. Huenda isichapishwe, lakini mhariri ataiona, naye atajua ile ya karibu inasema nini na haisemi nini.

Kuhusu kupanga tukio nitapita haraka, ingawa ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1855, kwenye vita vya Crimea, Roger Fenton alipiga picha mbili za bonde lile lile. Katika moja tufe za mizinga zimetapakaa barabarani, katika nyingine barabara ni tupu na tufe ziko kando. Mpaka leo watu wanabishana iwapo zilisogezwa ili picha ivutie. Ukimpiga mtu picha ya sura yake, unaweza kumwambia akae hapa, atazame kule, mradi ionekane wazi kwamba amepiga pozi. Tukio haliombwi lirudiwe. Kiongozi akipeana mkono mara ya pili kwa ajili ya kamera, rudi hatua tatu nyuma na uziweke zile kamera ndani ya fremu, au useme hivyo kwenye maelezo.

Maelezo ya picha. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi unapoingia na wengi hawapalindi.

Machi 1936, Nipomo, California, Dorothea Lange, akiwa ameajiriwa na serikali ya Marekani kupiga picha za wakulima maskini, alimkuta mama kwenye hema pamoja na watoto wake. Alimpiga picha kadhaa akaondoka. Hakumuuliza jina. Baadaye aliandika kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari kununua chakula, jambo ambalo familia ililikana. Picha ilipochapishwa, chakula kilipelekwa kwenye kambi ile, lakini yeye na wanawe walikuwa wameshahama. Kwa zaidi ya miaka 40 dunia ilimjua kama mama mhamaji asiye na jina. Mwaka 1978 ndipo akajulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, akiwa na uchungu kwamba hakuwahi kupata hata senti wala kuulizwa jina lake.

Picha ile ilikuwa nzuri. Tena iliwasaidia wengi. Lakini ni dakika ngapi zinahitajika kumuuliza mtu jina?

Basi, fanyeni hivi. Mkimaliza kumpiga mtu, mpeni daftari aandike jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, kwa herufi anazozitumia yeye. Asiyejua kuandika atamke, nanyi msome mlichoandika, asikie. Kisha pigeni picha ukurasa ule wa daftari papo hapo. Jina litakaa ndani ya mfululizo, baada tu ya sura yenyewe, na jioni mkiwa mmechoka na mna fremu 600 hamtawachanganya wajane wawili. Kila asubuhi linganisheni saa ya kamera na ya simu. Mwenye kamera mbili azilinganishe zote, kwa sababu zikipishana dakika nne tu, mpangilio wa matukio utavurugika, na mtu aliyekimbia baada ya risasi ataonekana amekimbia kabla yake.

Sentensi ya kwanza ya maelezo iseme nani anafanya nini, wapi, tarehe gani. Ya pili itoe sababu ya tukio na chanzo cha taarifa. Hizo mbili zinatosha mara nyingi. Msiandike kilicho moyoni mwa mtu ambaye hamkumuuliza. "Analia kwa uchungu wa kufiwa" ni madai. Pengine macho yake yamechomwa na gesi ya machozi. Msiandike "mama wa marehemu" kwa sababu jirani amesema hivyo. Na mahali paandikwe mlipokuwa, si mnapotamani pawe. Mwaka 2015 mshindi mmoja wa World Press Photo, Giovanni Troilo, alinyang'anywa tuzo ya mfululizo wake kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, ilipobainika kwamba picha mojawapo ilipigwa Brussels. Pikseli zilikuwa salama. Kilichodanganya ni maandishi.

Andikeni maelezo ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu zake za taarifa, ili yasafiri pamoja na picha. Lakini msitegemee hilo peke yake, kwani mitandao mingi ya kijamii huyafuta taarifa hizo mnapopakia.

Sasa deni la pili, ndugu zangu. Macho hayana pazia, wahenga walisema kweli. Kamera inaona kila inachoelekezwa. Pazia ni sisi.

Machi 1993, huko Ayod, ambako leo ni Sudan Kusini, Kevin Carter alipiga picha ya mtoto aliyejikunja chini kwa njaa, tai amesimama nyuma yake. New York Times iliichapisha tarehe 26. Simu na barua zikamiminika: mtoto yuko wapi? Siku nne baadaye gazeti likaandika kwamba, kwa taarifa ya mpiga picha, tai alifukuzwa na mtoto akapata nguvu ya kuendelea na safari, lakini haikujulikana kama alifika kituo cha chakula. Carter alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na Julai mwaka huo huo akajitoa uhai, akiwa amebeba mizigo mingi zaidi ya picha ile moja. Mwaka 2011 waandishi wa Hispania waliofika Ayod waliambiwa na familia kwamba mtoto yule alinusurika njaa ile. Ukiitazama picha vizuri, mkononi mwake ipo bangili ya plastiki ya kituo cha kulishia.

Watu wamebishana kwa miaka: alipaswa kupiga picha au kusaidia? Naona swali hilo limeulizwa nusu. Kanuni inayofanya kazi uwanjani ni hii: kama wewe ndiye msaada wa karibu, saidia kwanza. Kama wapo wenye ujuzi wanahudumu, piga picha bila kuwazibia njia. Mara nyingi fremu mbili huchukua sekunde tatu, na baada ya hapo kamera inaning'inia shingoni na mikono iko huru. Tarehe 8 Juni 1972, Trang Bang, Vietnam, Kim Phuc, mtoto wa miaka tisa, alikimbia uchi baada ya napalm, mafuta mazito ya moto yanayodondoshwa kama bomu, kuunguza nguo zake. Nick Ut wa AP alimpakia kwenye gari na kumfikisha hospitali. Nani hasa alipiga picha ile maarufu, kumezuka mgogoro, na mwaka 2025 World Press Photo ilisimamisha kumtaja Ut kama mpigaji wakati AP ikiendelea kumtambua. Kim Phuc mwenyewe hajaacha kumshukuru Ut kwa safari ile ya hospitali.

Wahariri, picha ile iwahusu pia. AP ilikuwa na mwiko wa kuonyesha uchi wa mbele. Horst Faas, mhariri wa picha kule Saigon, akasisitiza itumwe. Alikuwa sahihi, kwa sababu uchi ule ulikuwa ndiyo habari: moto ndio uliomvua. Jiulizeni hivyo hivyo kila mara. Je, damu hii, uchi huu, maiti hii inaeleza kitu ambacho picha nyingine tuliyonayo haielezi? Kama ipo fremu nyingine inayoeleza sawasawa huku ikimstahi mtu, tumieni hiyo. Na ulizeni swali gumu zaidi: huyu angekuwa mtoto wa jirani yangu, ningetumia ipi?

Swali hili lina historia Afrika. Mohamed Amin, Mkenya, alipoingia Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, picha zake za video zilizorushwa na BBC tarehe 23 ziliiamsha dunia, na misaada iliyofuata iliokoa watu wengi mno. Kazi ile ni ya kuheshimiwa. Walioiga baadaye walichukua njaa wakaacha watu: mbavu, nzi, macho makubwa, bila jina, bila baba anayelima, bila daktari Mwafrika anayehudumu. Ilifikia hatua mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yakajitungia kanuni za maadili kuhusu picha za namna hiyo.

Kuhusu ridhaa, mwambie mtu ukweli wote: picha itaingia kwenye intaneti, wanaomjua wataiona, na haitawezekana kuirudisha. Aliyepewa dawa ya usingizi hajaridhia hata kama aliitikia kwa kichwa. Rudi akizinduka. Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi, kisha umuulize na mtoto mwenyewe, na ukiona anajificha, acha. Kwa aliyebakwa au shahidi anayewindwa, mstari mweusi machoni haufichi kitu. Majirani humtambua kwa kanga, kovu, viatu, hata ufa wa ukuta. Mpige kivuli tangu kwenye kamera: mweke mbele ya dirisha, pima mwanga wa nje, uso ubaki mweusi kwenye faili asilia. Usitegemee kuutia ukungu baadaye, kwa sababu sura halisi itabaki kwenye kadi, na kadi huibwa au kunyakuliwa. Angalia pia picha ndogo ya hakiki iliyomo ndani ya faili. Wakati mwingine hubaki nzima hata baada ya kukata kingo.

Na zimeni taarifa za mahali. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize. Ndani ya faili mlikuwa na vipimo vya GPS vya simu, na watu wakajua mara moja kwamba yuko Guatemala. Alikamatwa siku chache baadaye. Huyo alikuwa tajiri mwenye mawakili. Mwanamke aliyekimbia mume anayempiga hana mawakili.

Picha zinazotufikia kutoka kwa watu wengine, na sasa zile zilizotungwa na akili unde, zinahitaji ukaguzi ule ule wa zamani ila kwa bidii zaidi. Ombeni faili asilia, si lile lililopita kwenye WhatsApp. Ombeni fremu ya kabla na ya baada, kwani aliyekuwepo kweli huwa nazo. Itafuteni picha hiyo mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Linganisheni vivuli, mabango na hali ya hewa ya siku ile. Tangu 2023 zipo kamera, ya kwanza ikiwa Leica M11-P, zinazotia saini ya kidijitali kwenye faili wakati wa kupiga. Saini ile inaonyesha faili lilitoka wapi na limebadilishwa nini. Haionyeshi kama tukio lilipangwa. Hilo bado ni la mtu aliyesimama pale.

Na pale chumba cha habari kinapokosea, kitu kimoja kifanyike kwa utaratibu. Picha isifutwe kimyakimya. Sitisheni usambazaji, waandikieni wote walioipokea mkitaja namba ya faili na kosa lenyewe, chapisheni sahihisho mahali panapoonekana kama ilipoonekana picha, na kama aliyeumizwa ni mtu aliyemo ndani yake, apigiwe simu kabla ya sahihisho kutoka. Mpigieni, msimtumie ujumbe.

Nakaribisha maswali.